Upstairs at Eric's

Upstairs at Eric's ni albamu ya kwanza ya Yazoo, kundi la Uingereza la pop ya sintesaiza lenye watu wawili: Vince Clarke, aliyekuwa ametoka kundi la Depeche Mode, na mwimbaji Alison Moyet. Mute Records iliitoa mwaka 1982, ikafika nafasi ya 2 kwenye chati ya Uingereza. Eric anayetajwa kwenye jina ni Eric Radcliffe wa studio ya Blackwing, London, ilikorekodiwa. Uzuri wake umo katika mgongano: ala za Clarke ni baridi, zimepimwa kila pigo, ilhali sauti nzito ya Moyet, iliyokulia kwenye bluzi, ndiyo inayobeba uchungu. Wimbo "Only You" unalithibitisha hilo kuliko wimbo mwingine wowote. Mwaka 1983 kundi la Flying Pickets liliuimba bila ala likashika nafasi ya 1 Uingereza. Marekani Yazoo liliitwa Yaz.