Salarias fasciatus (ufugaji wa nyumbani)

Salarias fasciatus ni samaki wa miamba ya matumbawe, apatikanaye kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Samoa. Mtaalamu wa samaki Bloch alimwelezea kisayansi mwaka 1786. Urefu wake haufiki sentimita 15.

Wafugaji humpendea kazi yake: hukwangua mwani mwembamba jiwe kwa jiwe, na kuacha alama za midomo kwenye kioo cha tangi. Akishiba hujipumzisha juu ya jiwe, macho yakizunguka kila moja kivyake.

Kosa kubwa ni kumtia katika tangi jipya lisilo na mwani. Tumbo hubonyea, akaanza kudonoa matumbawe, hatimaye akafa njaa. Tangi lililokomaa la lita 110 au zaidi humfaa, pamoja na mwani mkavu uliobanwa kiooni, na pia kifuniko, maana huruka nje.