Miwa Inapolala Malava

Barabara ya Kakamega kwenda Webuye hupita Malava kati ya mashamba ya miwa. Mvua ya upepo ikishapiga, miwa iliyokuwa wima jana huonekana imeinama, mingine imelala chini kabisa. Wakulima wa Kabras, eneo hilo la Malava, husema hivyo hivyo: miwa imelala. Afisa wa kilimo anayeandika ripoti kwa Kiingereza huandika "lodging", neno lile lile lililo kwenye vibao vya lojing'i mjini.

Asili ya maana hizo mbili ni moja. Katika Kifaransa cha kale "loge" ilikuwa kibanda, nacho Kifaransa kililipata kwa Wafranki, kwa maana ya kivuli cha matawi na majani. Waingereza wakalifanya kitenzi cha kumpa mgeni pa kulala, na kufikia mwisho wa karne ya 16 walikuwa wakilitumia kwa nafaka iliyolazwa na dhoruba. Shakespeare alilitumia hivyo katika Richard II, kisha katika Macbeth.

Wakulima wa ngano waliteseka na kulala huko kwa mazao hadi karne ya 20. Mbolea ilipoongezwa, masuke yalikuwa mazito na mabua marefu yakashindwa kuyabeba. Norman Borlaug, akifanya kazi Mexico, aliingiza uzao wa ngano fupi ya Kijapani, Norin 10, akapata bua linalostahimili. Mwaka 1970 alitunukiwa Nobel ya Amani.

Muwa haukupata dawa hiyo, kwa kuwa bua ndilo zao lenyewe: ukilifupisha, umepunguza sukari. CO 421, aina iliyoenea Kenya kwa miaka mingi, ilitoka Coimbatore, India, ambako kituo cha kuzalisha miwa kilianzishwa mwaka 1912. Wataalamu wa huko walichanganya miwa minene na jamii yake ya mwituni ili kupata mimea migumu zaidi. Hata hivyo, muwa mrefu katika udongo uliolowa bado huanguka.

Na ukishalala, hasara huanza. Pingili zinazogusa udongo hutoa mizizi, macho yake huchipua, na machipukizi hayo hula sukari iliyokuwa imehifadhiwa. Panya huingia. Mkataji naye hutatizika kufikia shina, akakata juu na kuacha sehemu yenye utamu zaidi. Kinachoniuma ni kwamba miwa mingi hulala ikiwa imepitisha umri wake, ikingoja zamu ya kuvunwa, hali mwenye shamba alikwisha kuipalilia na kuilipia mbolea.