Nyanja Tengwa na Haki ya Kura

Katika historia ya Marekani ya karne ya 19, hapana itikadi iliyowakalia wanawake kwa uzito kuliko ile tunayopendekeza iitwe kwa Kiswahili nyanja tengwa, yaani imani ya kwamba maumbile yamemjaalia mwanamume uwanja wa nje, wenye soko, siasa na mahakama, na mwanamke uwanja wa ndani, wenye malezi na unyumba, na kwamba avukaye mpaka huo huleta ufisadi katika jamii. Wako waonao kuwa neno majukumu ya kijinsia latosha. Lakini jukumu ni kazi, na kazi yaweza kufanywa popote, hali uwanja una mipaka, na mpaka ndio uliogombewa.

Mpaka huo haukuwa mila tupu, bali ulisimamiwa na sheria. Mwaka 1873, Myra Bradwell wa Chicago, ambaye mahakama ya juu ya jimbo lake ilimnyima idhini ya uwakili ingawa elimu yake haikutiliwa shaka, alishindwa pia katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Jaji Joseph Bradley akaandika kwamba maumbile yenyewe yamepambanua nyanja za mume na mke.

Wanawake walijibu kwa njia mbili. Elizabeth Cady Stanton na wenziwe, waliokutana Seneca Falls mwaka 1848, waliukana mpaka wenyewe, wakidai kura kwa hoja ya usawa wa wanadamu. Jane Addams, mmoja wa waasisi wa kituo cha huduma za jamii cha Hull House mjini Chicago, aliandika mwaka 1910 kwa hoja nyingine yenye hekima: ikiwa mwanamke ameamriwa kuitunza nyumba, na taka, mabomba na nyama ya mjini huamuliwa na serikali ya mji, basi bila kura hawezi kuutimiza hata wajibu ule aliotengewa. Silaha ya wapinzani ikawageukia wenyewe.

Jimbo la Illinois liliwapa wanawake kura ya rais mwaka 1913, na Rekebisho la 19 la Katiba likaieneza haki hiyo nchi nzima mwaka 1920, ijapokuwa wanawake weusi wengi wa Kusini walizidi kuzuiwa hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965.

Kwa hiyo twawasihi wafasiri waliache neno majukumu kwa kazi zenyewe, na itikadi ile waiite nyanja tengwa. Pasipo neno la kuutaja mpaka, hoja ya Addams haifahamiki.