Mafunzo ya mtoto wa mbwa bila chambo

Mafunzo bila chambo ni njia ya kumzoesha mtoto wa mbwa amri za msingi, kama vile keti, njoo na subiri, pasipo kumvuta kwa kipande cha nyama kilichoshikwa mbele ya pua yake. Chakula si haramu. Kinaweza kuja baada ya tendo, kama tuzo. Kinachoepukwa ni kukitanguliza, kwa kuwa mbwa aliyezoea chambo hutazama mkono kwanza, na akiukuta mtupu huenda zake.

Mtindo wa chambo ulienezwa sana miaka ya 1980 na Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyefundisha California. Yeye mwenyewe alisisitiza chambo kiondolewe mapema, hatua ambayo wafugaji wengi huiruka. Mnamo 1951, mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwisha kuonyesha njia nyingine: mlio mfupi unaomjulisha mnyama, papo hapo, kwamba alichofanya ndicho kilichotakiwa. Mjini Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio wa namna hiyo, na chakula hufuata baadaye.

Kwa amri ya keti, mfugaji husimama kimya, mikono mitupu. Mtoto wa mbwa ataruka, atang'ata kamba ya kiatu, atazunguka, kisha atachoka na kushusha makalio. Palepale, kabla hajainuka, husikia "safi!" na kukunwa kifuani au kutupiwa mpira. Neno "keti" huingizwa pale tu anapoanza kuketi kwa makusudi. Kulirudiarudia wakati bado anaruka humfundisha kulipuuza, na kumkandamiza kiuno hakuna faida yoyote.

Kwa njoo, mfugaji huchuchumaa, humwita mara moja, kisha hukimbia kinyumenyume, maana watoto wa mbwa hupenda kufukuza. Asiitwe kamwe ili aadhibiwe. Kwa subiri, tuzo ni mlango wenyewe: hufunguka akitulia, hufungwa akiparamia.

Sifa za mdomo peke yake hazitoshi. Watafiti Erica Feuerbacher na Clive Wynne walichapisha mwaka 2015 majaribio ambayo mbwa, walipopewa nafasi ya kuchagua, walikaa zaidi na mtu anayewapapasa kuliko anayewasifu kwa maneno. Ndiyo maana neno la sifa lifuatwe na mkono, mchezo au ruhusa ya kutoka nje. Dakika chache kwa kipindi zinatosha, mara kadhaa kwa siku. Umri wa wiki 8 si mapema mno kuanza.

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi huvutiwa na njia hii wakihofia wezi wanaorusha nyama yenye sumu uani. Hofu hiyo ni ya haki, ila mafunzo haya hayamfanyi mbwa akatae nyama ya mgeni. Hilo huhitaji somo lake, linalojengwa juu ya amri ya "acha", na usiku ni salama zaidi kumweka mbali na ukuta.