Mpira Utakupeleka Wapi? Jibu Liko Kwenye Historia

Wadau, mimi nakaa huku Airport, pande za Magongo, mahali ambapo ndege ikishuka mazungumzo yanasimama kwanza. Jumamosi iliyopita mdogo wangu wa miaka minane alizuiwa kwenda mazoezi. "Mpira utakupeleka wapi? Kaa hapo usome!" Mama akishasema, imeisha. Dogo alilia, mimi nikanyamaza. Leo najibu.

Turudi 1987, Mathare, Nairobi. Watoto walikuwa wakipiga boli ya makaratasi katikati ya taka. Mkanada mmoja, Bob Munro, akakubali kuwasaidia waanzishe ligi, lakini kwa sharti: mnacheza, na mtaa mnausafisha. Ndivyo MYSA ilivyoanza. Timu ikisafisha mtaa ilipata pointi, na pointi hizo ziliingia kwenye jedwali lile lile la mechi. Yaani hata uwe na straika moto namna gani, kama timu yenu haishiki ufagio, kombe mtaliona kwa wenzenu tu.

Sasa sikiza. Watoto wa Mathare walicheza hata kabla ya 1987. Kilichoongezeka ni utaratibu: saa maalum, refa wa kuheshimiwa, zamu ya kazi, na wenzako wanaokungoja ufike. Hapo mtoto anajifunza kufungwa bila kurusha mawe, na kutoa pasi hata kama yeye ndiye mkali. Tuisheni haifundishi hayo.

Matunda yake? 1994 ikazaliwa Mathare United, na 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Dennis Oliech alipitia pale kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa. Lakini watoto wengi hawakuwa Oliech, na hiyo si hasara. Walibaki na nidhamu, na mtaa ulisafishwa.

Utaniambia, "Hiyo ni Nairobi bana." Haya, njoo huku kwetu Pwani. 2001, Kilifi, Moving the Goalposts ilianza na wasichana, wakati wengi waliamini boli ni ya wavulana. Hawakupewa mpira tu, walifundishwa kuwa makocha, marefa na waandalizi wa mechi zao wenyewe. Msichana akishapuliza filimbi uwanja mzima ukatulia, ataogopa vipi kunyoosha mkono darasani?

Hata Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuusumbua mwili kila siku. Sisi tunawafungia ndani na simu, halafu tunashangaa mbona hawatulii.

Basi jana nimemwambia mama: vitabu Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi saa tatu ni uwanja, na nitampeleka mimi mwenyewe. Hajasema ndiyo. Lakini hajasema la pia, na kwa mama yangu hiyo ni sare ya ugenini.

Na wewe, mdogo wako Jumamosi yuko wapi?