Vali za Chini ya Maji: Kutu Isiyoonekana kwa Macho

Boti nyingi za starehe na za uvuvi barani Ulaya zina matundu yaliyotobolewa makusudi chini ya mstari wa maji: la maji ya kupoza injini, la choo, la sinki ya jikoni. Katika kila tundu hufungwa vali, na vali hiyo ndiyo inayoizuia bahari isiingie katika ngama. Jahazi la tanga halikuwa na haja ya matundu hayo. Yameletwa na injini na choo.

Vali nyingi za bei nafuu ni za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo huweza kufikia asilimia 40. Maji ya chumvi huinyonya zinki taratibu, ikabaki shaba yenye vitundu kama sifongo. Umbo halibadiliki, lakini nguvu imekwisha. Mpira ukivutwa kidogo, shingo hukatika. Tundu la milimita 38, lililo sentimita 60 chini ya maji, huweza kuingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika.

Kanuni nazo zimekuwa na ulegevu. Kiwango cha kimataifa ISO 9093-1 cha mwaka 1994 kiliihesabu metali kuwa inastahimili kutu iwapo haikuonyesha kasoro kwa miaka 5 ya matumizi. Boti hutumika miaka 30 na zaidi.

Ukaguzi hufanywa boti ikiwa nchi kavu. Rangi hukwanguliwa hadi metali ionekane: njano ni dalili njema, wekundu wa waridi ni dalili kwamba zinki imetoka. Kiungo kinachoshika mpira nacho kichunguzwe, maana mara nyingi ndicho hutangulia kuoza. Vali iliyogoma isilazimishwe boti ikiwa majini.

Inapobadilishwa, ni heri kung'oa vali, bomba lake na kiungo kwa pamoja, na kuweka vya bronzi, vya shaba maalumu isiyopoteza zinki, au vya plastiki iliyoimarishwa. Hesi lazima zilingane. Zisipolingana, vali hushikwa na mizunguko michache tu. Boti inaposhushwa, kila vali hukaguliwa kabla ya kamba za winchi kufunguliwa, na kando yake hufungwa kigingi cha mti laini, tayari kuziba tundu.