Ramani za Kufuatilia Ndege Mtandaoni

Ramani za kufuatilia ndege mtandaoni ni huduma za intaneti zinazoonyesha mahali ndege zilipo angani kwa wakati uleule, pamoja na namba ya safari, aina ya ndege, kimo, mwendo na uelekeo wake. Zinazojulikana zaidi ni Flightradar24 ya Sweden, FlightAware na ADS-B Exchange za Marekani, na Plane Finder ya Uingereza. Abiria na wenyeji wao huzitumia kujua kama ndege imechelewa. Kwa mpenzi wa ndege, ramani hizi ni darasa la usafiri wa anga lililo wazi usiku na mchana.

Ramani hizi haziioni ndege kama rada ya kawaida inavyoiona. Zinaonyesha kile ambacho ndege imejitangazia yenyewe, na ambacho risiva fulani, yaani kifaa cha kupokea ishara za redio, imefanikiwa kukisikia mahali fulani. Ujuzi wote wa kuzisoma unaanzia hapo.

Historia

Mapenzi ya kutazama ndege na kuandika namba zake yalistawi hasa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, raia wa kujitolea wa Royal Observer Corps walifundishwa kutambua ndege kwa umbo na mlio, na baada ya vita watu wengi waliendelea kwenda kando ya viwanja wakiwa na darubini na daftari. Kwa miongo mingi mtazamaji aliishia pale macho yake yalipokoma.

FlightAware ilianzishwa Houston mwaka 2005, mwanzoni ikitegemea data za mamlaka ya anga ya Marekani. Flightradar24 ilianza mwaka 2006 kama mradi wa wapenzi wawili wa ndege wa Sweden, Mikael Robertsson na Olov Lindberg. Mwaka 2009 walimruhusu yeyote mwenye risiva kuchangia data, na hatua hiyo ndiyo iliyotandaza mtandao wao duniani. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilipofunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa majivu, ramani hizi zilijulikana kwa umma: watu waliona kwa macho yao namna bara lilivyobaki bila ndege. Septemba 13, 2022, karibu watu milioni 5 walifuatilia kwenye Flightradar24 ndege iliyobeba jeneza la Malkia Elizabeth II kutoka Edinburgh kwenda London.

Namna zinavyofanya kazi

Msingi wa ramani hizi ni mfumo uitwao ADS-B. Ndege hupata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti za GPS, kisha transponda yake, yaani kifaa cha kutuma ishara, hutangaza habari hiyo redioni kwenye masafa ya megahezi 1090. Ujumbe mmoja una biti 112, na ule wa mahali ndege ilipo hutumwa takribani mara mbili kila sekunde. Haujafungwa kwa siri yoyote, kwa hiyo mwenye risiva yeyote anaweza kuusoma. Marekani iliufanya mfumo huu kuwa lazima katika sehemu kubwa ya anga inayoongozwa kuanzia Januari 2020, na Ulaya ikaweka sharti lake mwaka huohuo.

Kila ndege ina anwani yake ya biti 24, inayotolewa na nchi iliyoisajili kutoka katika fungu ililopewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Anwani za Kenya huanza na 04C, za Uganda na 068, za Tanzania na 080, na za Marekani zote huanza na herufi A. Hivyo hata namba ya safari isipoonekana, mtazamaji anaweza kutambua ndege ni ya wapi.

Ndege ambazo transponda zake hazitangazi mahali zilipo zinaweza kupatikana kwa hesabu. Risiva nne au zaidi zikisikia ishara ileile, tofauti ndogo za muda wa kuifikia kila moja hutumika kukokotoa ilipotoka. Njia hii huitwa MLAT. Inahitaji risiva nyingi zilizo karibu karibu, na ndiyo sababu hufanya kazi vizuri Ulaya kuliko mahali ambapo risiva ni chache. Juu ya bahari, risiva zilizofungwa kwenye setilaiti 66 za Iridium zimekuwa zikitoa huduma tangu mwaka 2019, ingawa data zake nyingi hulipiwa.

Kusoma ramani

Ukibonyeza alama ya ndege, jambo la kwanza la kutazama ni namba ya usajili, kwa kuwa ndege moja hubeba namba tofauti za safari ilhali usajili hukaa nayo. Alama za nchi ni rahisi kuzizoea: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi, 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, A4O Oman na A6 Falme za Kiarabu. Anayeona 5H-TCG anajua ni Boeing 787-8 ya Air Tanzania, iliyopokelewa mwaka 2018, na anaweza kufuata maisha yake yote ya kazi, pamoja na siku inazolala gereji.

Kimo huwachanganya wageni wengi. Namba inayoonyeshwa kwa kawaida hupimwa kwa shinikizo la hewa, kwa kuchukulia kwamba shinikizo usawa wa bahari ni hektopaskali 1013.25. Haihesabu umbali wa ndege kutoka ardhini. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko karibu futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayoukaribia ikiandikwa futi 7,000, iko futi 1,700 hivi tu juu ya tambarare za Embakasi, ulipo uwanja huo, na magurudumu yamekwisha kushushwa au yanakaribia kushushwa. Namba hiyohiyo karibu na Dar es Salaam ingekuwa ya ndege iliyo bado mbali na kutua. Zaidi ya hayo, shinikizo la siku hiyo likitofautiana na lile la kawaida, kimo kinachoonyeshwa kinaweza kupishana na kimo halisi kwa mamia ya futi.

Mwendo unaoandikwa ni wa kupita juu ya ardhi, kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Upepo huuongeza au kuupunguza. Februari 2019, Boeing 787 ya Virgin Atlantic iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda London ilifikia maili 801 kwa saa juu ya Pennsylvania, sawa na kilomita 1,289. Haikuvuka mwendo wa sauti, kwa sababu ilikuwa imebebwa na mkondo mkali wa upepo, na mwendo wake ndani ya hewa yenyewe ulikuwa wa kawaida.

Upepo huonekana pia katika namna ndege zinavyotua, kwa kuwa ndege hutua zikiukabili. Hakuna mahali pa kujifunzia hili kama Zanzibar, ambako njia ya kurukia imelala kaskazini hadi kusini. Wakati wa kaskazi, ndege kwa kawaida huingia kutokea kusini na kutua zikielekea kaskazini. Kusi ikishika, mambo hugeuka: ndege iliyotoka Dar es Salaam hupita kando ya kisiwa, huzunguka upande wa kaskazini, kisha hushuka ikielekea kusini. Anayetazama ramani kwa mwaka mzima ataona msimu ukibadilika kwenye mistari ya ndege, upepo uleule ulioendesha majahazi.

Saa za ramani na za kumbukumbu za ndege mara nyingi huandikwa kwa saa za dunia, UTC. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 09:00 ya UTC ni saa sita mchana Mombasa.

Kupokea ishara mwenyewe

Mpenzi wa ndege anaweza kujenga kituo chake kwa gharama ndogo. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba vifaa vidogo vya USB vya kupokelea televisheni ya dijitali, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kugeuzwa kuwa redio ya kupokea masafa mengi. Kifaa cha namna hiyo, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na programu ya bure ya dump1090 vinatosha kusoma ishara za ndege. Antena ya kuanzia inaweza kuwa waya ulionyooka wenye urefu wa sentimita 6.9, yaani robo ya wimbi la megahezi 1090.

Kinachoamua zaidi ni mahali antena ilipo. Ishara hizi husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo mviringo wa dunia huziwekea mpaka. Ndege iliyo futi 35,000 inaweza kusikika hadi kilomita 420 hivi. Iliyo futi 3,000 haisikiki zaidi ya kilomita 125 au hivyo, hata kwa antena nzuri. Paa la ghorofa hushinda dirisha la chini, na waya mfupi kati ya antena na risiva hushinda mrefu, kwa sababu waya hula ishara. Milima nayo huziba: risiva iliyoko Moshi haiwezi kusikia ndege inayoruka chini upande wa Amboseli, kwa kuwa Kilimanjaro imesimama katikati.

Mwenye kituo akituma data zake kwenye mtandao, huduma kubwa kwa kawaida humpa uanachama wa daraja la juu bila malipo. OpenSky Network, ulioanzishwa na watafiti wa Ulaya mwaka 2012, hukusanya data za namna hii kwa ajili ya utafiti wa kitaaluma.

Mipaka ya data

Alama ya ndege ikitoweka, maana yake ya kwanza ni kwamba hakuna risiva inayoisikia. Huenda imeshuka chini ya upeo, imefika baharini, au umeme umekatika penye risiva. Baadhi ya huduma huendelea kuisogeza alama kwa makadirio, kwa hiyo ndege inayovuka bahari kwa mstari ulionyooka kabisa inafaa kuangaliwa kama inapokewa kweli au inakadiriwa.

Machi 8, 2014, ndege ya Malaysia Airlines MH370 yenye watu 239 ilitoweka kwenye ramani juu ya bahari kati ya Malaysia na Vietnam, kwa kuwa transponda yake ilinyamaza. Ndege yenyewe iliendelea kuruka kwa saa nyingi, kama rada za kijeshi na ishara za setilaiti zilivyothibitisha baadaye. Mwaka 2016, kipande cha bawa kilichookotwa kisiwani Pemba kilithibitishwa na wachunguzi wa Australia kuwa ni cha ndege hiyo. Mstari wa ramani ulikuwa umekatikia upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Lakini data hizi zinaweza pia kusaidia uchunguzi. Ndege ya Germanwings ilipoanguka kwenye milima ya Alps, Ufaransa, Machi 24, 2015, na kuua watu 150, ujumbe uliopokewa na risiva za Flightradar24 ulionyesha kwamba kimo kilichowekwa kwenye rubani-otomatiki kilibadilishwa kutoka futi 38,000 hadi takribani 100. Uchunguzi rasmi ulithibitisha hivyo.

Mpaka mwingine ni kuvurugwa kwa GPS. Kwa kuwa ndege hutangaza mahali inapodhani ipo, mawimbi ya kuizubaisha yakitumwa, kama inavyotokea mashariki mwa Mediterania na karibu na Baltiki, ramani huionyesha mahali ambapo haipo. Ndege nyingi zikirukia ghafla sehemu moja kwenye ramani, hitilafu ni ya GPS.

Dharura, faragha na sheria

Transponda hubeba pia tarakimu nne zinazowekwa na rubani. Tatu zimetengwa: 7500 kwa utekaji, 7600 kwa redio iliyokatika na 7700 kwa dharura ya jumla. Namba 7700 haisemi dharura ni ipi. Inaweza kuwa abiria mgonjwa au kioo kilichopasuka, na safari nyingi za namna hiyo huisha salama. Anayesambaza picha ya skrini na kutangaza ajali anawatia hofu watu wenye ndugu ndani ya ndege ile. Uungwana ni kungoja neno la shirika au la mamlaka.

Baadhi ya wenye ndege binafsi huomba zisionyeshwe. Marekani ina utaratibu wa LADD, unaowataka wanaotumia data za mamlaka yake kuzificha ndege hizo. Mitandao inayotegemea risiva zake yenyewe haifungwi na sharti hilo. Ndege nyingi za kijeshi hazitangazi mahali zilipo.

Anayetoka kwenye ramani na kwenda uwanjani aulize kwanza. Mwaka 2001 kundi la watazamaji wa Uingereza na Uholanzi lilikamatwa Ugiriki kwa tuhuma za ujasusi, na hukumu yao ilifutwa mwaka uliofuata baada ya rufani. Kupiga picha viwanja vya ndege au kusikiliza redio ya waongozaji kunaweza kuwa kosa, na sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Afrika Mashariki

Anga ya Afrika Mashariki ina mengi ya kutazamwa: ndege za Dubai na Doha zinazopita kwenda Johannesburg, safari za Kenya Airways za Nairobi hadi New York zilizoanza Oktoba 2018, na ndege ndogo za Cessna Caravan zinazounganisha miji, visiwa na mbuga. Hizi ndogo ndizo hupotea kwa urahisi, kwa sababu huruka chini na hutua penye viwanja vya udongo, mbali na risiva.

Pengo hilo linazibika kwa mikono ya watu wa kawaida. Risiva moja iliyowekwa mahali palipoinuka, yenye umeme na intaneti ya uhakika, huongeza maelfu ya kilomita za mraba kwenye ramani inayotazamwa na dunia nzima. Shule, chuo cha ufundi au klabu ya vijana inaweza kuiendesha, na wanafunzi wakajifunza redio, jiografia, hali ya hewa na programu za kompyuta kwa ndege zinazopita juu ya paa lao.